Mgonjwa wa Kule Kwenye Mawe

Foleni ya Perez ilifika hadi mlango mkuu wa kanisa. Ya Paskazia ilikuwa na watu wachache, na mmoja wao ni mzee asiyeona, aliyeshikwa mkono akasogezwa.

"Mwili wa Kristo," alisema Paskazia, macho yake yako upande wa pili.

"Amina," aliitikia mzee, akabaki ameachama, anangoja. Paskazia alikuwa anamtazama mama mmoja aliyechomoka polepole kwenye foleni yake, akaenda kujipanga kwa Perez.

Komunyo ni ile ile, na padre aliyeigeuza ni yule yule. Sasa kule watu wanafuata nini?

Walisimikwa siku moja wao wawili kuwa wahudumu wa Komunyo, wakavishwa kanzu nyeupe pamoja. Paskazia ni mtu wa Igogo tangu usichana wake, na mawe ya msingi wa kanisa lile aliyabeba kichwani. Perez alikuja juzijuzi tu kutoka Shirati, mjane muuza dagaa, Kiswahili chake kina Kijaluo ndani. Lakini wagonjwa wa kupelekewa Komunyo nyumbani walimtaka Perez. Hasa yule wa mwisho, wa kule juu kwenye mawe, mpangaji wa fundi Machibya. Kwa huyo Perez aliingia watu wakipika chakula cha mchana, akatoka wenzake wameshakula.

Jumuiya ilipokutana kusali, Paskazia hakuvumilia.

"Huyo mpangaji anaumwa nini?"

"Anaumwa tu, Mama Ng'washi. Ameomba asitajwe."

"Ugonjwa unaofichwa, mwenyewe anajua alikoutoa. Na hana mama, mpaka auguzwe na wewe?"

"Anaye."

"Basi mama huyo naye ana roho ngumu."

Kinamama walicheka. Perez aliinama, akawa anakunja pindo la kanga yake na kulikunjua.

Paskazia alirudi nyumbani moyo umetulia. Yeye hakuwa mama wa namna hiyo. Mwanawe Ng'washi alikuwa Nansio, ng'ambo ya ziwa, ana duka la vitenge, na parokia nzima ililijua duka hilo kwa masimulizi. Pasaka hakuja kwa sababu ziwa lilichafuka, lakini simu alipiga.

Wivu, wenzangu, ukishapata pa kukaa unataka chakula, na usipoupa unajitafutia. Wa Paskazia ulikumbuka kwamba fundi Machibya ni mgane. Mgane, mjane, na mlango unaofungwa kila Jumapili mchana. Bombani alimwambia mmoja, sokoni akamwambia mwingine.

"Mgonjwa gani? Mgonjwa ni fundi mwenyewe, anaumwa upweke."

Maneno yalipanda mpaka kwa Padre Elias, naye akawaita wote wawili ofisini.

"Perez, haya yanayosemwa umeyasikia?"

"Nimeyasikia, Padre."

"Unasemaje?"

"Sina la kusema. Ila wagonjwa wa kule juu apewe Mama Ng'washi. Hata Jumapili hii."

"Na yule wa mwisho atakubali?"

"Akiulizwa atakataa, Padre. Tusimuulize."

Mtu asiye na kosa hujitetea, Paskazia aliwaza. Huyu amekamatwa, anatafuta pa kutokea.

Walipotoka nje Perez alimshika mkono. "Ukifika kwa yule wa mwisho, kaa naye, mama. Usiwe na haraka."

"Nitakaa nimsubiri nani? Mimi sina fundi."

Perez aliuachia mkono wake, akaenda zake.

Jumapili Paskazia alipanda mlima na kile kichombo kidogo cha Komunyo kifuani, ndani ya mfuko wake mweupe. Anayebeba Komunyo haamkii mtu njiani, na sheria hiyo siku hiyo ilimpendeza. Watu walimpisha kati ya mawe, wengine wakapiga ishara ya msalaba, na wale wanawake wa bombani wakanyamaza alipopita. Leo wamemwona. Aliwahudumia wagonjwa wa njiani harakaharaka, maana akili yake ilishatangulia juu.

Fundi Machibya alikuwa kizingitini anashona kiatu. Alivua kofia, akasogeza kigoda chake kumpisha. Paskazia aliingia, na kabla ya kumtafuta mgonjwa alitafuta ushahidi: kanga ya Perez kwenye kamba, au ndala zake chini ya kiti. Hakuona kitu cha namna hiyo. Aliona beseni, kikombe cha uji uliopoa, na vikopo vya dawa vimepangwa dirishani. Basi yuko mgonjwa kweli. Moyo ulimdidimia, kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Alisogeza pazia la chumba cha ndani.

"Amani iwe katika nyumba hii," alisema kwa sauti ya chini, kama walivyofundishwa.

Mtu aliyelala pale alikuwa ameelekea ukutani. Shuka lilimlalia kama limetandikwa juu ya kitanda kitupu.

"Karibu, dada Perez," alisema yule mgonjwa, pumzi inakatika katikati ya maneno. "Leo nimeota mama amekuja, nikaamka natetemeka. Usimwambie bado. Akijua atanisema mpaka kanisani."

Paskazia aliliachia pazia. Ng'washi aligeuka.