Wimbo wa Chigusa

Chigusa alipaka poda kidevuni, akaifuta, akapaka tena. Kovu likakataa kufichika. Alilipata utotoni, alipojigonga kwenye sanduku la kurukia katika kipindi cha mazoezi ya viungo shuleni, likabaki pale jeupe, mfano wa mbegu ya tikiti.

"Shoga, unaenda kuolewa au kulipiza kisasi?" Sari alimuuliza, mdomo umejaa kuku wa kukaanga.

"Vyote viwili vinataka sura."

Walikuwa watatu katika chumba kidogo cha karaoke nyuma ya stesheni ya Tsuyama: Chigusa, Sari na Umeka, kila mmoja na soda yake ya kijani. Aliyekuwa akingojwa ni Nodoka.

Zamani walisoma darasa moja wote wanne. Nodoka akaenda kwa mwalimu, akasema Chigusa anamtesa. Kumtesa! Utani tu wa watoto: mwavuli kuvunjwa mbavu, unga wa chaki ndani ya viatu vya darasani, na siku zile chache ambazo darasa zima lilikubaliana kutomsemesha. Kwa hayo tu, Chigusa akanyang'anywa nafasi ya kuipigia kwaya piano, mashindano yakiwa mlangoni. Mama yake alikuja ukumbini na kimono chake kizuri, akamkuta mwanawe amesimamishwa mstari wa nyuma kama kinyago. Kisha Nodoka akahama shule, na Chigusa akabaki na donge lake.

Mwaka huu donge lile lilipata wimbo.

Ulikuwa wimbo wa kufungulia katuni ya televisheni ya Ijumaa jioni. Hapakuwa na msichana nchini asiyeujua. Walikuwa wakiucheza kwenye simu, wakiuimba bafuni, wakiulilia. Mwimbaji alijiita Yomogi, na uso wake hakuna aliyewahi kuuona. Kwenye video alikuwa msichana wa kuchorwa, amegeuka mgongo. Na alichokuwa akikiimba ni hiki:

*Subiri, wewe uliyecheka,*
*siku moja utaniimba kwa mdomo wako,*
*na kila neno litakuwa tamu*
*mpaka la mwisho.*

"Huyu Yomogi ananijua," Chigusa alizoea kusema. "Huu wimbo ni wangu. Kila neno ni langu."

Mpango ulikuwa mwepesi. Atamwimbia Nodoka usoni, Umeka akirekodi, mpaka mchongezi yule aweke viganja sakafuni na kuomba radhi. Usiku huohuo video iwafikie wote waliosoma nao.

Nodoka hakuukataa mwaliko. Aliomba kitu kimoja tu: "Jumamosi siwezi. Tufanye Jumatano." Jumatano ndiyo siku ya nyimbo mpya kutoka, na Jumatano ile wimbo wa Yomogi ulitoka mzima kwa mara ya kwanza; mpaka jana yake watu walikuwa na kile kipande cha televisheni tu.

"Hata bahati imekaa upande wangu," Chigusa alisema.

Mlango ukafunguka. Nodoka aliingia na mwavuli wa jua, akaukunja polepole, akauegemeza ukutani.

"Angalia huo usivunjike mbavu," Chigusa akamwambia. Sari akacheka. Umeka akainua simu.

"Huu ni imara," Nodoka alijibu, akaketi.

"Unajua nimekuitia nini?"

"Nadhani najua."

"Basi usije ukalia. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, mwenzangu."

Akabonyeza rimoti. Muziki ukaanza, naye akasimama mbele ya Nodoka, karibu kabisa, akaimba kama anayetema mate. *Subiri, wewe uliyecheka.* Akamnyooshea kidole. *Siku moja utaniimba.* Sauti yake ilipanda vizuri kuliko siku zote. Alitazama macho ya Nodoka akitafuta chozi.

Nodoka alikuwa akipigapiga goti kwa kidole, taratibu, akifuata mapigo. Chigusa aliposhika neno moja kabla ya wakati wake, kidole kile kilisita kikamngoja.

"Unacheza? Omba radhi!" Chigusa akafoka kiitikio kilipoisha. Kipande alichokijua kilikuwa kimekwisha, na mashine ilikuwa ikiendelea. Maneno mageni yakaanza kupita kwenye skrini, hayana wa kuyaimba.

"Sijamaliza kukusikiliza," Nodoka alisema. "Mbona umeacha?"

"Maneno ya huko mbele nani anayajua? Wimbo mzima umetoka leo asubuhi!"

"Nipe maikrofoni, basi."

Chigusa alimpa. Aombe radhi kwa maikrofoni, bora zaidi, video itasikika.

Nodoka alisimama, akaenda mlangoni, akawageuzia mgongo, wao na skrini pamoja. Akaanza kuimba.

Sari aliacha kutafuna. "We Chigusa, zima sauti ya mwimbaji kwenye mashine. Tunataka kumsikia yeye."

Chigusa akatazama rimoti. Akabonyeza, akabonyeza tena.

"Haijawashwa," akasema.

Sauti ile, waliyolala nayo masikioni tangu majira ya machipuko, iliendelea kutoka pale mlangoni. Iliimba viatu vilivyojaa unga wa chaki. Iliimba darasa zima lililonyamaza, na mvua iliyokuwa peke yake ikimwita kwa jina. Kwenye skrini maneno yalikuwa yakipita yaleyale, herufi kwa herufi, mpaka mstari wa mwisho ukatokea:

*Nimekuacha na kovu lako, mbegu ya tikiti kidevuni. Sasa nchi nzima itakutambua.*

Simu ya Umeka, ambayo bado ilikuwa ikirekodi, iligeuka taratibu kutoka mlangoni, ikatua usoni mwa Chigusa, naye akafunika kidevu kwa mkono.