Kengele ya Nyuma

Lengai alipiga mluzi mara ya tatu, akazuia pumzi asikilize. Kengele haikujibu.

Ilikuwa Ijumaa ya katikati ya Julai, na ukungu wa mlima Meru ulikuwa umeshuka mpaka katikati ya miti ya msitu wa juu ya Olmotonyi. Taa ya kichwani haikumulika hata hatua tano. Philemoni alisimamisha baiskeli kando yake, meno yakigongana, akauliza kama Sylvanus amejibu. Lengai alitikisa kichwa.

Marafiki hawa watatu walikuwa na sheria zao, na walizishika kuliko walivyozishika za barabarani. Kila mwaka baridi ikikolea, walipanda msituni usiku kwa baiskeli na kuteremkia baa ya Naserian, Ngaramtoni. Kwenye geti la msitu waliondoka mmoja mmoja, kwa kupishana dakika mbili, wasigongane gizani. Wa mbele akipiga mluzi, wa nyuma kabisa alijibu kwa kengele, mara mbili. Kuitana kwa sauti kulikuwa marufuku, wasije wakaamsha mbwa wa watu. Kengele yenyewe ilikuwa ya ng'ombe, aliyoiacha marehemu baba yake Lengai, na baani hakuna aliyegusa glasi kabla haijatundikwa msumarini.

Safari hii wa nyuma alikuwa Sylvanus, na aliyemweka huko ni Lengai. Alimtania kwamba mwenye goti bovu akae mkiani asiwacheleweshe wanaume. Sasa aliujutia utani ule. Na ajabu, njia nzima ya kupanda kengele ilikuwa imejibu kila mluzi, tena kwa karibu, hata Philemoni akasema leo goti la mzee limepona. Ilinyamaza walipoanza kuteremka.

Walirudi wakisukuma baiskeli, wakimulika kila kichaka. Kwenye kona iliyo juu ya korongo Lengai aliona alama ya tairi ikiacha njia, imenyooka, haina hata dalili ya breki. Chini kabisa, ndani ya vichaka, taa nyekundu ilikuwa ikiwaka na kuzima. Aliijua. Ilikuwa taa ya baiskeli ya Sylvanus.

Alianza kushuka kwa kutambaa, udongo ukamponyoka, na Philemoni akamdaka koti dakika ya mwisho. Ukingo ulikuwa wima na umelowa, na huko chini maji yalinguruma. Lengai aliliita jina la Sylvanus mpaka sauti ikamkauka, sheria au hakuna sheria. Alimkumbuka Agnela, mke wa Sylvanus, jioni ile akimfunga mumewe skafu shingoni na kusema, "Shemeji, mtu wangu nirudishie." Angemwambia nini?

Bila kamba wasingefika chini. Simu ya Sylvanus haikupatikana. Lengai akampigia mdogo wake, Oscar, alete kamba na pikapu. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa vilevile. Oscar alikuwa amenuna tangu Jumatatu, siku alipokatazwa kuja. Kijana alikuwa amebembeleza wiki nzima iliyotangulia, lakini mwaka jana alivunjika bega kwa kuteremka kama mwendawazimu, na Lengai alikuwa amemwahidi mama yao kwamba huyu kitinda mimba hatampeleka msituni kamwe.

"Kununa kwenyewe ndiyo leo," alisema, machozi yakimtoka.

Alipiga magoti matopeni. Kanisani yeye ni mtu wa benchi la mwisho, na hakujua maombi marefu. Alisema tu, "Bwana, mwache Sylvanus. Kama ni lazima uchukue, chukua kilicho changu."

Hata kabla hajainuka, simu ikalia mkononi. Ilikuwa Naserian wa baani, sauti ikikatikakatika. Sylvanus yuko pale jikoni, kajikunyata karibu na mkaa, anakunywa supu na kucheka peke yake, anauliza mbona wamechelewa. Kisha mtandao ukapotea.

Lengai alicheka na kulia kwa pamoja. Philemoni alitukana matusi ambayo hakuwahi kuyatamka tangu ajenge nyumba kwa mkopo wa walimu. Basi mzee alianguka, akaona aibu, akapanda zake bodaboda kimyakimya na kuwaacha wenzake wafe kwa hofu. Baiskeli wangeifuata kesho mchana. Kwa furaha Philemoni akapiga mluzi wa kuondoka.

Kutoka korongoni kengele ililia mara mbili, taratibu.

Walitazamana.

"Upepo huo," Philemoni alisema. "Imenasa kwenye matawi."

Lengai alisikiliza kidogo. Vidole vyake havikuwa na hisia tena, na mwili mzima ulikuwa unadai moto. Alikubali kwamba ni upepo, akapanda baiskeli, na njia yote mpaka Ngaramtoni akawa anamshukuru Mungu kwa sauti.

Baani Sylvanus alisimama kuwapokea, bakuli mkononi, uso umejaa kicheko cha mtu mwenye siri. Lengai alimkumbatia kwa nguvu mpaka supu ikamwagika, akamwambia atamuua kwa mikono yake mwenyewe. Sylvanus alikuwa akitazama mlango juu ya bega la mwenzake. Aliutazama kwa muda, na kicheko kikaanza kumpungua.

"Mbona mmeingia wawili?" aliuliza. "Oscar yuko wapi? Nilimwachia baiskeli na kengele pale getini, akasema nisiwaambie mpaka mfike naye."