Mkwe wa Zamu

Peres aliinua macho akamwona nesi mlangoni, ameshika trei ya bandeji. Nesi mwenyewe alikuwa mume wa binti yake.

Wote wawili wakatazama sakafu. Kwa mila ya Wajaluo, mama mkwe na mkwe wake hata mkono hawapeani, sembuse kufunuana nyonga. Ndiyo sababu Peres aliikataa hospitali hii ya Ngong Road hadi binti yake alipomhakikishia kwamba mumewe yuko likizo.

"Wameniita leo asubuhi, Mama," mkwe akasema. "Nesi wa kike ameingia chumba cha upasuaji. Atatoka saa nane."

Saa ya ukutani ilisema saa nne na robo.

"Nitamngoja," Peres akasema.

Akapitisha mkono chini ya shuka, akapapasa nyongani, mahali aliposhonwa jana. Palikuwa pamelowa. Alipoutoa mkono, tone la damu likadondoka sakafuni, palepale walipokuwa wakitazama.

"Hiyo haiwezi kungoja, Mama."

Peres akaufuta mkono kwenye shuka.

"Vaa barakoa. Na ile kofia ya upasuaji pia uvae."

Mkwe akavaa, yakabaki macho tu. Akavuta pazia la kitanda.

Peres akageukia ukuta, akaliachilia shuka alilokuwa amelikumbatia tangu asubuhi.

"Sasa, nesi," akasema, "wewe sijakuona hapa. Unaitwa nani?"

Nyuma yake glavu zikavutwa, moja, kisha ya pili.

"Mimi ni mgeni, Mama. Nimeanza leo tu."