Ukuta Unaojua Kukaribisha

Tangu kuta za nyumba zianze kusanifiwa kama kurasa za tovuti, hakuna anayepaka rangi tena. Unamwambia msanifu unataka mgeni afanye nini, kisha ukuta unajipanga wenyewe.

Mimi nilitaka jambo moja: mama mkwe wangu, Bi Shemsa, ale kwangu. Tangu niolewe hajawahi kumaliza hata kikombe cha chai. Siku zote ana safari.

"Tusijaze vitu," alisema Tunu, msanifu wangu. "Tuache nafasi, jicho lipumzike. Rangi kali tunaipa sehemu moja tu, ile unayotaka aiendee. Usiyoitaka tunaififisha."

Bi Shemsa alifika asubuhi, mkoba begani. Sebule yote ilikuwa nyeupe kama maziwa, isipokuwa ukuta wa nyuma ya meza ya chakula, uliowaka rangi ya papai lililoiva. Alikwenda moja kwa moja akakaa. Alikula pilau, akaongeza, akanisimulia jinsi mume wangu alivyokuwa akiogopa kuku utotoni, tukacheka hadi machozi yakatutoka.

"Mwanangu, kumbe unajua kupika," alisema, na moyo wangu ukajaa.

Magharibi ilipoingia aliinuka, nami nikajitanda kanga nimsindikize. Mbele yetu kulikuwa na weupe mtupu, bila mstari hata mmoja.

"Mlango wako uko wapi, mwanangu?"

Nilicheka, naye akacheka. Kisha tukaanza kupapasa ukuta, kila mmoja upande wake. Nyuma yetu, rangi ya papai ikazidi kuwaka.