Kijito Kibaki Wazi

Siku mtoto wa mshonaji alipozama, kinyozi ndiye aliyemtoa kijitoni, mikono yake ingali na povu la sabuni. Maji yenyewe yalimfika kinyozi kiunoni tu.

Baada ya mazishi, mama yule mshonaji hakuacha kwenda ukingoni. Kila alasiri, watoto wa shule walipojitosa majini, alikuja na kigoda chake akakaa hadi wa mwisho avae shati aende kwao. Mdiria alipita na samaki mdomoni, kenge akaota jua jiweni. Yeye wala hakugeuza shingo. Mtaa ulisema anamtafuta wake miongoni mwa wenzake. Kwa heshima ya msiba, hakuna aliyemwuliza.

Kisha zikaja habari kwamba halmashauri itakifunika kijito kwa zege. Kinyozi alikuja juu. Kila aliyekaa kwenye kiti chake alinyolewa huku akisimuliwa: hapa babu zetu walinywesha ng'ombe, hapa sisi tulijifunza kuogelea, na hapa mama wa watu anaongea na mwanawe. Hilo la mwisho ndilo lililowatoa watu machozi.

"Unamsemea sana," mkewe alimwambia. "Umemwuliza?"

"Mtu ana kidonda, mke wangu. Nikamwulize kama kinauma?"

Siku ya mkutano walifurika kwenye ukumbi wa halmashauri na bango lao. Wazee walisema, akina mama wakasema, na kinyozi akamalizia kwa habari za kigoda kile. Mhandisi wa halmashauri alisikiliza mpaka mwisho, akakunja ramani, akatangaza kwamba mpango umefutwa. Vigelegele vikajaa ukumbini.

Kinyozi alimfuata kumpa mkono. Furaha ilikuwa imempanda, akaanza utani.

"Na huyo aliyewapa wazo la kutuzikia kijito, mleteni kwangu. Nitamnyoa bure, nimpunguze na ubishi."

Mhandisi hakucheka.

"Hukuona ni nani hakuja nanyi leo?"

"Nani?"

"Mshonaji. Mwaka mzima anakuja hapa kutuomba tukifunike."

Kijito bado kiko wazi. Wanawe kinyozi nao huogelea mle kila alasiri, na anayewachunga ni yule mama.