Chumba cha Utulivu

Bangili ya serikali mkononi mwake ilipotetemeka kumwonya, Ndeshi alikuwa jikoni akimenya ndizi za supu ya mtori. Kifafa kilikuwa njiani. Sheria ilimtaka aingie chumba cha utulivu, mlango ujifunge, aanguke bila kuonekana na mtu. Ndiyo maana mumewe, Elirehema, hakuwahi kumwona akianguka.

"Nenda basi, mke wangu."

"Leo siendi. Chukua kisu hiki, tandika khanga sakafuni."

"Bangili itawaita wakaguzi! Watakuhamishia kambi ya wenye kifafa."

"Waje. Nikianguka, nilaze ubavu. Usinitie kijiko mdomoni, wala usinikandamize. Kaa nami tu."

"Na nikiogopa?"

"Ogopa ukiwa hapahapa."

Alipozinduka, kichwa chake kilikuwa kwenye paja la mumewe, na mate yake yalikuwa yamelowesha suruali. Elirehema hakuyafuta.

"Kumbe ni hivi tu?" alisema huku machozi yakimtoka. "Miaka yote hii walikuwa wananificha hiki?"

Wakaguzi wakagonga mlango kwa ngumi. Ndeshi alijaribu kuinuka, lakini Elirehema alimshika bega taratibu, akapaza sauti:

"Karibuni! Ila vueni viatu, na msipige kelele. Mke wangu anapumzika."