Jokofu Lilipokwenda kwa Kinyozi

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Fundi viatu mwenyewe hukiri kabla hujamuuliza, kisha hucheka.

Asubuhi ile hakucheka. Alikuwa amekwama mlangoni na jokofu kifuani, jasho likimtiririka, mkewe akimtazama kwa jicho la pembeni.

"Kama ni wizi, mume wangu, ungeanza na nyumba ya mtu mwingine."

"Usinicheke, mama watoto. Saa nne anafika."

Aliyekuwa akifika ni mtathmini wa mfuko unaosomesha wanafunzi wa sayansi. Binti yao, mwaka wa pili wa fizikia, alikuwa ameandika maombi ya ufadhili kumi na moja. Kumi yalikataliwa. Hili lilikuwa tundu la mwisho. Likizibika, muhula ujao angerudi nyumbani kushona soli na baba yake. Barua ilikuwa fupi: mtathmini atawatembelea wazazi Jumatano, saa nne asubuhi. Basi.

Fundi viatu alikuwa ameipeleka barua hiyo kwa kinyozi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mtu asiyekosa jibu. Kinyozi aliisoma mara mbili, akatikisa kichwa.

"Wanakuja kupima ufukara, jirani. Wakikuta jokofu, umekwisha. Anayekunywa maji ya baridi hasomeshewi mtoto."

Jokofu lenyewe lilikuwa kuukuu, liliokotwa likiwa mzoga. Binti alilichokonoa likizo nzima, akalifunga betri na mabomba ya gari bovu, mpaka likafufuka. Umeme ukikatika mtaa mzima, lenyewe linavuma tu. Lakini jokofu ni jokofu.

"Nani atanifichia?" alimuuliza kinyozi.

"Sasa jirani ni wa nini?"

Ndivyo walivyolibeba, limefunikwa blanketi kama mgonjwa. Mtoto wa kiume wa kinyozi, anayesoma darasa moja na binti, alikuwa amekuja nyumbani ghafla. Alisema kichwa kinamuuma, lakini upande wake aliubeba kama mpagazi. Kinyozi aliuliza linawashwaje, lisije likaharibikia mikononi mwake. Fundi viatu akamwonyesha: waya huu kwanza, kisha huu.

"Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake," mkewe alimwambia aliporudi. "Wewe zako zote umeziacha kwa kinyozi."

Hajajibu, simu ikalia. Alikuwa binti.

"Baba, niko maabara, wananiita. Msihamishe kitu chochote hapo nyumbani."

"Sawa, mwanangu," alisema, huku akisukuma feni chini ya kitanda kwa mguu. Mtoto wa chuo, aliwaza, anajua nini kuhusu ufukara?

Saa nne kamili hodi ikabishwa. Mtathmini alikuwa mama mnene wa miwani, faili kwapani, chupa ya maji mkononi. Chupa ilikuwa inatoka jasho la baridi, na mtaa haukuwa na umeme tangu jana. Wakubwa hawa, fundi viatu aliwaza, hata baridi wanatembea nayo.

Akakaribishwa kigoda. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akaanza kutazama pembe kwa pembe.

Sakafuni, karibu na dirisha, palikuwa pamebaki mraba safi wa saruji katikati ya masizi. Fundi viatu hakuufikiria! Aliruka akasimama juu yake kwa miguu yote miwili, amekakamaa kama mtu anayepimwa uzito.

Mtathmini aliitazama ile miguu.

"Mzee, hapo ulipo hapajawahi kuwa na jokofu?"

"Jokofu? Sisi?" Fundi viatu alikaza miguu palepale. "Mama, maji ya baridi sisi tunayasikia redioni."

"Fikiri vizuri. Mimi nikiandika sifuti."

Fundi viatu alimwona akilini binti yake ameinama juu ya gundi na misumari, vitabu vimekuwa vya kuegemeza mlango. Kwa hofu ile, angeapa hata kwamba yeye si yeye.

"Haki ya Mungu anayeniona! Nyumba hii haijawahi kuwa na jokofu. La kununua, la kuokota, wala la kutengeneza."

"Na binti yako?"

"Atalitoa wapi, masikini?"

Kalamu iliandika taratibu, kila neno. Kisha fundi viatu akapewa karatasi atie sahihi. Alitia haraka, hadi jina lake likafanana na la mtu mwingine.

Mtathmini akafunga faili.

"Pole, mzee. Jina la binti yako nimelikata."

"Umelikata?" Sauti ilimtoka kama ya kuku aliyeshikwa miguu. "Ufukara wote huu hautoshi? Mnataka tulale nje?"

"Ufukara hakuna aliyeuuliza."

Mkewe, aliyekuwa ameng'ata upindo wa khanga muda wote huo, hakuvumilia tena.

"Mama, huyu anaogopa tu! Jokofu lipo! Mwanangu amelitengeneza kwa mikono yake. Liko kwa kinyozi, wamelipeleka leo leo asubuhi!"

Mtathmini alifungua chupa, akanywa funda moja la maji ya baridi.

"Huko ndiko nilikotoka, mama. Vijana wawili, wako na wa kinyozi, wameniandikia jokofu moja, kila mmoja akidai ni kazi ya mikono yake, nikaja kumuuliza mzee ni la nani. Na mzee ameshaapa."